Albina Mashoto na Nati Kumi na Sita

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka mjini Sumbawanga. Pikipiki yake ilikuwa imelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa Mama Mashoto."

"Ndipo."

"Yupo?"

"Hayupo. Mwaka wa pili sasa."

Akavua kofia. Akasema pole. Halafu akabaki amesimama, hajui ageuze mkokoteni au vipi. Nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imegoma, mafundi wawili wameshindwa. Nikamwambia aishushe. Nikapuliza mkaa, nikachukua mshumaa wangu. Ilichukua muda kidogo. Ikatoka.

Akauliza, "Mzee, nani alikufundisha?"

Nikamwambia aketi. Nilimsimulia, naye alicheka mpaka akafuta machozi. Usiku binti yangu Rhoda akasema, baba, hayo yaandike. Mimi shule sikwenda. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Naandika polepole.

Albina, mke wangu, alizaliwa chini ya milima ya Mbizi. Alikuwa mashoto. Bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili auzoee wa kulia. Kula akazoea. Kusalimia watu akazoea. Mengine yote alifanya kwa kushoto hadi siku yake ya mwisho.

Alisuka vikapu. Nyasi zake alizikata bondeni mwenyewe. Wanawake wengine walizungusha msuko kwenda kulia, yeye ulikwenda kushoto. Kikapu cha Albina ulikijua hata kikiwa katikati ya hamsini sokoni. Walimtania.

"Hiki kimesukwa na mtu aliyesimama kichwa chini, miguu juu!"

Albina alijibu, "Lakini hakivuji unga."

Kilikuwa na shida moja tu. Kikichanika, hakuna mtu mwingine aliyeweza kukitengeneza. Walikivuta kama walivyozoea kuvuta vyao, kikakaza, kikakatika. Yeye alikishika, akakitazama, akakifungua kama mtu anayefungua kitambaa cha kichwa. Alisema, "Kifuate kilivyolala."

Nilipotaka kumwoa, alimletea mama yangu unga wa ulezi ndani ya kikapu chake. Mama akaumimina unga, akakigeuza kikapu chini juu. Akaniita pembeni.

"Kalisti, huyu atakuzungusha kinyume maisha yako yote."

Nikasema, "Sawa, mama."

Mama alisema kweli. Ilikuwa miaka arobaini na mmoja, na ilikuwa sawa.

Sasa habari ya lori.

Ilikuwa mwaka tisini na moja. Ile ndiyo miaka ya ruksa. Zamani mahindi uliuza kwa ushirika tu. Sasa mtu binafsi kununua mahindi, ruksa. Sabuni zilirudi madukani. Mitumba iliingia, hata mimi nikapata koti la mtu mnene wa Ulaya. Kila mtu alitaka kuwa mfanyabiashara. Nami nilitaka.

Akaja Meshack, mnunuzi wa mahindi kutoka mjini. Mtu wa tumbo na saa kubwa ya mkononi. Alikodi ghala la kijiji, pamoja na uwanja wake, akauziwa na vyote vilivyokuwa uwanjani. Kilichokuwa uwanjani ni Bedfodi moja. Lilikuwa lori la kijiji enzi za ujamaa. Lilisimama pale miaka minane. Magurudumu yalizama ardhini, tairi zimeoza, kuku wanatagia ndani.

Mimi nililitazama lori lile kama watu wanavyotazama mchumba.

Meshack akaniona. "Mzee Kalisti, unalitaka?"

"Nalitaka."

"Una nini?"

Nilikuwa na maksai wawili, Bahati na Soko. Tulilima nao ekari sita. Hapakuwa na maksai kama wale njia nzima ya kushukia Muze.

Tukaandikiana karatasi. Maksai wake, lori langu. Lakini kwa sharti moja. Magari yake ya mahindi yangefika Jumamosi, naye alitaka uwanja mtupu. Jumamosi saa sita mchana lori liwe nje ya geti. Likibaki ndani, lori ni lake na maksai ni wake. Siku ile ilikuwa Jumatano. Nikatia sahihi. Nilikuwa najivunia sahihi yangu.

Jioni nikamwambia Albina.

"Mama Rhoda, nimenunua gari."

"Gari gani?"

"Lile la ghalani."

"Lile la kuku?"

"Kuku watatoka."

"Umelinunua kwa kitu gani?"

Nikatupa jicho zizini. Akageuka akatazama zizi. Zizi lilikuwa kimya.

Albina hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na jembe la mkono, akaniwekea mikononi.

"Anza kulizoea," akasema.

Mvua ilibakiza mwezi mmoja. Bila maksai tungerudi kwenye ntumba, vile vilima vya udongo vya kufukia majani, tunavyoinua kwa jembe la mkono mpaka mgongo unalia. Ekari sita. Na lori likikwama, hata lori lenyewe hatuna. Tangu jioni ile hakunisemesha. Alinipa chakula, akanisalimia asubuhi, basi.

Nikamfuata Isdori. Isdori alikuwa fundi wa Landrova na trekta. Mtu mwema, maneno mengi. Alikwenda mjini akapata magurudumu manne yenye upepo kutoka kwenye lori bovu. Kazi ikawa moja tu. Kufungua magurudumu yaliyooza, kufunga yale, kulisukuma nje. Injini tungehangaika nayo nyumbani.

Kila gurudumu nati nane. Alhamisi tulianza upande wa kulia. Zilikuwa na kutu, lakini tulitia mafuta ya taa, tukagonga, tukavuta. Zililia kama nguruwe, zikatoka. Ijumaa mchana upande wa kulia ulikuwa tayari. Isdori akaimba.

Tukahamia kushoto. Nati kumi na sita.

Haikutoka hata moja.

Tulitia mafuta ya taa. Tulitia mafuta ya breki. Tuligonga kwa nyundo. Isdori akachomeka bomba kwenye mkono wa spana, tukaning'inia wawili. Bomba likapinda. Tukaleta jingine nene, tukaning'inia watatu. Ikasikika *tak!* Tukashangilia. Kumbe bolti imekatika, nati ikaanguka na kipande chake ndani.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa watu. Habari ilikuwa imeenea. Meshack aliketi mlangoni pa ghala kwenye kiti chake, anatazama saa. Bahati na Soko walikuwa wamefungwa kwenye nguzo nyuma yake. Kila nikiinua kichwa niliwaona.

"Kalisti, waachie kuku nyumba yao!"

"Koti la Mzungu, akili za nani?"

"Isdori, ziimbie tena!"

Ilipofika saa tatu, viganja vya Isdori vilikuwa na malengelenge. Akaketi chini.

"Kaka Kalisti," akasema, "hizi nati zimeungana na bolti. Ni chuma kimoja sasa."

Ndipo Albina akaja. Kichwani ana chungu cha togwa, mkononi kata. Mtu akifanya kazi, lazima anywe, hata kama mwenye kazi ni mpumbavu. Hayo ni maneno yake mwenyewe, alinieleza baadaye.

Akatua chungu. Akanipita. Akainama kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Akafuta bolti moja kwa pindo la kanga, ile ncha inayochungulia nje ya nati. Akapitisha ukucha kwenye ile mistari inayozunguka. Akainamisha kichwa. Akaondoka, akazunguka lori, akaenda upande wa kulia. Akafanya vilevile. Akarudi kushoto. Akarudi tena kulia. Watu wakaanza kucheka.

"Mama Rhoda, unahesabu?"

Albina akasimama wima. Akamwita Isdori.

"Shemeji, hizi unazizungushia wapi?"

"Kushoto, shemeji. Nati zote za dunia hufungukia kushoto."

"Na zile za upande ule?"

"Kushoto."

"Zikatoka?"

"Zikatoka."

"Basi hizi ni za mtu mwingine," Albina akasema. "Zile zimelala kulia. Hizi zimelala kushoto. Zimelala kama vikapu vyangu."

Uwanja mzima ukacheka. Meshack alicheka mpaka kiti kikalia.

"Mama, nati si kikapu!"

"Wewe umeshasuka kikapu?"

"Sijasuka."

"Basi njoo unywe togwa, unyamaze kidogo."

Meshack akaja. Akapewa kata. Akanyamaza.

Isdori alikuwa na heshima zake. "Shemeji, nikizungusha huko nitakuwa nakaza."

"Shemeji, tangu jana mnafungua. Zimefunguka ngapi?"

Isdori akatazama viganja vyake.

Mimi nikaokota spana. Ndiyo mara ya kwanza Albina alinitazama tangu Jumatano. "Ishike hapo kwenye nati isichomoke," akasema. Akakamata bomba kwa mkono wake wa kushoto, akavuta kwenda kulia. Haikusogea. Akavuta kwa mikono yote. Haikusogea.

Wakacheka tena. Mimi niliwatazama tena Bahati na Soko.

Yeye hakushtuka. "Wanaume wazima mmezikaza siku nzima, mmening'inia juu yake," akasema. "Zitatoka kwa kuvutwa mara moja? Leteni moto."

Hapo Isdori akaamka. Maana moto aliujua. Alikata kipande kifupi cha lile bomba lililopinda, kilichotosha kuivika nati yote. Akakifukia kwenye mkaa, akavuvia. Kikawa chekundu. Akakishika kwa koleo, akaivika nati kama kofia. Tukasubiri. Nati ikaanza kunuka.

"Sasa inataka mafuta yanayoingia ndani," Isdori akasema. "Mafuta ya taa yatashika moto."

Albina akafungua fundo la kanga. Akatoa kipande cha mshumaa. Nikakitambua. Ulikuwa mshumaa wetu wa Pasaka, uliobarikiwa, tuliokuwa tunauwasha radi ikizidi.

Mtu akasema, "Mama Rhoda! Padre akijua?"

"Padre naye atalipanda lori hili."

Kofia ikatolewa. Akaugusisha mshumaa pale nati inapokutana na bolti. Nta ikayeyuka, ikatoa moshi, halafu ikanyonywa ndani. Tuliiona ikiingia. Isdori akagonga nati kwa nyundo ndogo, pande zote, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Nikachomeka spana. Albina akashika bomba.

Akavuta kwenda kulia.

Ikalia. Ikasogea upana wa punje ya ulezi. Akairudisha kidogo, akavuta tena. Ikasogea upana wa punje ya hindi. Halafu ikazunguka yenyewe, laini, mpaka ikaangukia kiganjani mwangu. Ilikuwa ya moto. Sikuitupa.

Isdori hakusema kitu. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisha akachukua kisu, akakwangua kutu kwenye uso wa bolti ile. Ikatokea herufi. Mimi nilikuwa nazijua herufi. Ilikuwa L. Nikakwangua nyingine. L. Tukaenda upande wa kulia, tukakwangua. R.

"L ya nini?" nikauliza.

Isdori alishapata sauti yake. "L ya lori."

"Na R?"

Akafikiri. "Ya Rukwa."

Baadaye sana dereva mmoja alitueleza kwamba ni Kiingereza cha kushoto na kulia, na kwamba malori mengi ya zamani yako hivyo, ili nati zisijifungue zikitembea. Isdori alishikilia Rukwa mpaka alipozeeka.

Saa nne ilikuwa imepita. Zilibaki kumi na nne, ukitoa ile iliyokatika. Basi pale uwanjani pakawa na sherehe. Wale waliokuwa wanacheka walivua mashati. Mmoja anavuvia mkaa, mmoja anavika kofia, mmoja anagonga. Mshumaa alishika Albina peke yake. Kila mtu alitaka kuvuta bomba kwenda upande usio wa kawaida. Ikitoka moja, wanawake wanapiga vigelegele.

"Ya sita!"

"Kinyume, wewe! Kinyume! Mkono umezoea vibaya!"

"Ya saba!"

Meshack naye alivua saa, akaivaa tena, akaja karibu. Mara nikamwona ameshika koleo, jasho linamtoka, anavika nati kofia. "Dakika arobaini!" anapiga kelele. "Fanyeni haraka, zimebaki dakika arobaini!" Nadhani alisahau yuko upande gani.

Gurudumu la mwisho tulilifunga saa sita kasoro kumi. La mbele lilikuwa na nati saba badala ya nane. Tukasukuma. Watu labda thelathini. Lori likatoka kwenye mashimo yake, likatembea. Likatembea! Kuku wakaruka madirishani. Tukalifikisha getini.

Getini pana mwinuko. Lori likapanda nusu, likagoma. Pua iko nje, mkia uko ndani. Tukasukuma, likagoma. Na nje, papo hapo, tukasikia honi. Magari ya Meshack ya mahindi yamefika, mawili, yamesimama mbele ya geti.

Meshack akatazama saa.

Albina akaenda mpaka kwenye nguzo, akawafungua Bahati na Soko.

"Wee mama!" Meshack akaita. "Maksai hao ni wangu!"

"Ni wako. Tunawaazima."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, lori ni lako," Albina akasema. "Limekaa getini kwako. Utawaambia wale wenye mahindi walipite kwa juu."

Honi zikapigwa tena. Meshack akashika kiuno. Halafu akaanza kucheka, tumbo lote likacheka. "Wafunge," akasema.

Tukawafunga kwa mnyororo. Mtu wa Meshack akatwaa fimbo, akawapigia kelele. Hawakusogea. Nikajaribu mimi, nao wakanitazama tu, nadhani walikuwa na kinyongo. Albina akasimama mbele yao. Akawaita kwa Kifipa, ile sauti yake ya shambani, ya chini, kama anawaambia siri. Bahati akainamisha pembe. Soko akafuata. Mnyororo ukakaza. Sisi wote tukasukuma nyuma, Isdori, mimi, Meshack mwenyewe na shati lake jeupe.

Lori likatoka.

Mtu mmoja, wapo siku zote watu wa namna hiyo, akasema, "Lakini saa sita ilishapita. Imepita dakika tano."

Wote wakamtazama Meshack.

Meshack akainua mkono, akaisogeza ile saa kubwa karibu na sikio. Akaitikisa.

"Saa yangu imesimama," akasema.

Vigelegele vya siku ile walivisikia mpaka kijiji cha pili.

Msimu ule Meshack alituazima maksai, tukalima ekari zetu sita. Mjini hakuwa na pa kuwaweka, na pia walikuwa hawamsikii. Lori liliwaka mwezi wa pili. Isdori aliandika jina mbele, juu ya kioo, kwa rangi nyekundu: MASHOTO. Tulibeba mahindi, tulishuka Muze kuchukua mpunga, tulifika Kirando kuchukua dagaa. Albina alikaa mbele. Alinuka dagaa siku tatu na alifurahi. Padre alilipanda, mara mbili.

Watu wakaanza kuleta nati zao nyumbani. Za trekta, za mashine ya kusaga, za baiskeli. Isdori mwenyewe alileta. Albina alizitazama kwanza. Kabla ya kushika spana alitazama, hata kama ni nati ya kawaida kabisa. Malipo yake mara nyingi yalikuwa mshumaa. Kabati letu lilijaa mishumaa kuliko sakristia ya kanisa. Bado ipo. Natumia hiyo.

Lakini ninachokirudia mara nyingi, nikiwa nimekaa peke yangu hapa barazani, ni njiani siku ile. Lori linavutwa kwenda nyumbani. Maksai mbele, Albina ubavuni mwao, ile spana begani kama jembe. Mimi ndani nimeshika usukani, nimekaa kama bwana mkubwa, kuku mmoja hajashuka bado, yuko karibu yangu.

Nikachungulia dirishani. "Mama Rhoda."

"Nini?"

"Umenisamehe?"

Akatembea kidogo. Akabadilisha bega.

"Siku nyingine ukitaka kuuza ng'ombe, uniulize kwanza," akasema. "Lori lenyewe bovu, kuku ndani, nati zimeoza. Lile lilikuwa la maksai mmoja."